Maganda na Maji ya Moto

Bado kuna watu wanaoniuliza kama maganda ya risasi yanafaa kuwekwa. Huwa wameyaokota shambani wakipalilia, au wameliona kopo langu juu ya rafu, na wanataka kujua kama hicho ni kitu au ni takataka. Jibu langu la ufundi ni fupi. Kwanza geuza kitako cha ganda ukitazame. Katikati pana kiduara kidogo, na ndani ya kiduara hicho lazima uone kibonyeo kilichoachwa na pini ya bunduki. Usipokiona, liache palepale ukawaite wanaohusika. Ukikiona, chukua sumaku. Ganda likishikwa na sumaku ni chuma kilichopakwa rangi, litupe. Lisiposhikwa ni shaba ya manjano, liweke, siku moja litakufaa.

Jibu hilo sijalibadilisha. Lakini kopo lililo juu ya rafu yangu lina maganda ya chuma matupu, yaliyoliwa na kutu, na anayelifungua hunitazama kama mtu asiyefuata maneno yake mwenyewe. Sababu yake ni ndefu kuliko jibu.

Mimi ni fundi wa cherehani. Ufundi niliupata Kigoma, nilikokwenda nikiwa kijana kutafuta kazi, nikakaa miaka mingi kuliko nilivyokusudia. Hakuna aliyenifundisha. Nilifungua mashine mbovu, nikavipanga vipande kwa utaratibu niliovitolea, nikavirudisha kwa kuanzia mwisho, mpaka mkono ukajua. Yale ambayo mkono haukuweza kuyajua niliyatafuta katika kitabu cha fizikia kisicho na jalada, nilichokinunua kwa muuza karanga aliyekuwa akikichana kurasa za kufungia.

Niliporudi kwetu Gisenyi, mji ulio mpakani na Kongo, vita vilikuwa vimekwisha mjini, milimani bado. Nilipata nafasi kwenye baraza ya duka la vitambaa karibu na soko. Washonaji walikaa upande mmoja, mimi upande wa pili na jiriwa yangu ya kubania vyuma. Vipuri havikupatikana. Kinachokufa mapema katika cherehani ya zamani ni bushi, kile kibomba kifupi cha shaba ambamo mhimili huzunguka. Sasa ganda la shaba ukilikata kitako na shingo, kinachobaki ni kibomba. Ukilipitisha tupa na msasa bila haraka, linaingia. Nguo nyingi za sikukuu zilizovaliwa Gisenyi miaka ile zilishonwa kwa mashine zenye vipande vya vita ndani yake, na waliozivaa hawakujua.

Kwa hiyo nilikuwa natafuta maganda, na nilisema hivyo kwa Kiswahili nilichorudi nacho. Hapa watu walizoea kusema duyi, neno walilolitoa kwenye Kifaransa. Maganda kwao yalikuwa ya viazi na ya ndizi. Aliyelishika kosa hilo kwanza alikuwa shemeji yangu.

Alikuwa mume wa dada yangu mkubwa, ambaye kwa desturi ya huku nilimwita yaya. Waliishi Nyamyumba, mahali ambapo ziwa linaonekana kati ya migomba. Yaya alinunua sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, kwa wavuvi, akawakausha na kuwaleta sokoni kwetu. Shemeji alikuwa zamani msaidizi wa dereva wa lori, hadi siku alipoanguka kutoka juu ya magunia na goti lake likakataa kupona. Tangu hapo alitengeneza nyavu za watu, akiwa amekaa, na alitembea kwa fimbo. Kila wiki alikwenda kwenye chemchemi za maji ya moto zilizo kando ya ziwa, akakaa na kuliloweka goti. Alikuwa na jiwe lake pale, na aliyelikalia aliondoka bila kuambiwa.

Siku moja alifika barazani na furushi la gazeti chini ya kwapa.

"Fundi wa Kigoma," akasema. "Nasikia unatafuta maganda."

"Natafuta, shemeji."

"Bon. Nimekuletea." Akalifungua gazeti juu ya meza yangu. Yalikuwa maganda ya viazi, bado mabichi. "Ya leo asubuhi. Yaya yako ameyamenya mwenyewe. Mbuzi yako iko wapi?"

Washonaji waliacha kukanyaga pedali ili wacheke vizuri.

"Ya risasi, shemeji."

"Ya risasi. Kumbe huko Kigoma munakula risasi. Na munamenya mbele ya kupika?"

Baada ya hapo hakufika hata mara moja bila furushi. "Nimekuletea maganda," angesema, na uso wake mzito kama wa mtu anayewasilisha barua ya serikali. Ndani yalikuwa maganda ya viazi, na katikati ya maganda ya viazi ningekuta ganda moja la shaba, mara nyingine mawili, aliyoyaokota njiani kwa kuinama kwa shida juu ya fimbo yake. Hakuwahi kuniletea la chuma. Nilikuwa nimempa kipande cha sumaku kutoka spika ya redio iliyokufa, naye alikuwa akiwapimia watu vifungo na meno ya bandia nacho.

Nilimtengenezea kitu kimoja tu. Ncha ya fimbo yake ilikuwa imechakaa kwa mawe, nami nikaivisha ganda refu la shaba, nikalikaza kwa moto. "Sasa mimi ni askari wa mguu mumoja na nusu," akasema. Fimbo ikilia juu ya sakafu ya baraza nilijua ni yeye kabla sijainua kichwa.

Ilikuwa wakati wa kiangazi, asubuhi, siku yake ya chemchemi. Yaya alisikia milio ya bunduki kutoka upande wa maji ya moto, kwanza michache, kisha mingi. Watu waliokuwa wakioga walikimbia, wengine kando ya ziwa, wengine ndani ya ziwa lenyewe. Walipita mbele ya nyumba yake wakiwa na maji mwilini. Alisimama mlangoni akiwahesabu kwa nyuso. Shemeji hakupita.

Njia ya chemchemi ilifungwa kwa wiki kadhaa. Habari zilizotufikia zilikuwa za aina mbili. Ya kwanza ni kwamba watu waliotoka msituni waliwachukua wanaume wawabebee mizigo, wakavuka nao mpaka, upande wa Kongo. Na hiyo ilikuwa imewahi kutokea, tulimjua mtu aliyerudi amekonda baada ya kubebeshwa hivyo. Ya pili ni kwamba kuna waliopigwa risasi penye maji, wakazikwa upesi na watu wasiowajua. Wengine walisema risasi zilikuwa za hao wa msituni, wengine za askari wa serikali. Bunduki zilikuwa za namna moja, na aliyeuliza sana alitazamwa vibaya. Hatukuuliza sana. Tulitaka kujua jambo moja: kama yule mwenye fimbo alikuwa miongoni mwa waliochukuliwa au miongoni mwa waliozikwa.

Njia ilipofunguliwa yaya alikwenda peke yake. Kutoka huko hakurudi nyumbani, alikuja moja kwa moja barazani kwangu, vumbi limempanda hadi magotini. Alikuwa na furushi la gazeti.

"Nimekuletea maganda," akasema.

Nadhani hakujua kuwa ameyasema maneno ya mumewe. Yalimtoka tu, kama mtu anavyoitikia salamu. Washonaji walijua. Mmoja wao akainama chini ya mashine kutafuta kitu ambacho hakikuanguka.

Nikalifungua gazeti. Yalikuwa maganda ya risasi, kiganja kimoja na zaidi, mekundu kwa kutu, mengine yakimenyeka ukiyagusa. Nikatoa sumaku. Yote yakashikwa.

"Ni chuma," nikasema.

"Sikuulizi kama ni chuma, mudogo yangu. Nauliza kama ni ya siku gani."

Akanieleza. Aliyaokota kuzunguka jiwe la shemeji. Pale pote hakukuwa na maganda mengine. Basi kama yalikuwa ya asubuhi ile, wenye bunduki walisimama penye jiwe lake na kupiga risasi palepale. Lakini yangekuwaje ya asubuhi ile, mekundu namna hii? Duyi ya juzi inang'aa. Hii ilikuwa ya vita ya zamani, ya miaka iliyopita. Hivyo pale alipokaa hapakupigwa risasi. Hivyo alichukuliwa.

"Na fimbo haiko," akasema. "Nimetafuta. Alienda nayo. Mutu anayekufa haendi na fimbo."

Nilimwambia anipe muda wa kuyapima. Hakunibishia. Alilikunja gazeti akanisukumia, akaenda kutafuta gari la kumrudisha.

Kesho yake alikuja kaka mkubwa wa shemeji. Alikuwa na bucha mjini, mtu wa maneno machache, mwenye kuheshimiwa msikitini. Ilimpasa kuamua kama ukoo uweke matanga, na kama yaya akae eda, ajitenge nyumbani kwa muda anaowekewa mjane. Yaya alikuwa amekataa. Hakufiwa, alisema, hawezi kukaa eda ya mtu aliye hai.

"Fundi," akaniambia, "dada yako anasema una ushahidi."

"Nina maganda, mzee. Kama ni ushahidi bado sijui."

"Mimi na yeye tumetoka tumbo moja. Usidhani napenda kumwekea matanga bila mwili. Lakini siwezi kumwacha mke wa ndugu yangu akiwa hivi, si mke, si mjane. Utajuaje?"

"Nitapima."

"Basi pima. Utakalosema tutalifuata, yeye na mimi."

Kupima kutu si kazi ngumu. Kinachotakiwa ni chuma cha namna ileile ambacho unajua kilianza siku gani. Hilo halikuwa tatizo Gisenyi wakati ule. Siku hizohizo palikuwa na mapigano nje kidogo ya mji, na asubuhi niliokota kando ya barabara maganda ya chuma yenye rangi yake bado. Niliyagawa mafungu mawili. La kwanza nililizika nyuma ya nyumba yangu, katika udongo mweusi uliokaa na unyevu, kina cha kidole. La pili nilikusudia kulizika palepale penye jiwe la shemeji, kwa sababu kitabu changu kilisema kwamba ukitaka kulinganisha vitu viwili, usiache kinachotofautiana isipokuwa kile unachokipima. Hayo ya fungu la pili niliyatia alama. Kila ganda nililikata chale moja ndogo kwenye ukingo wa mdomo, kwa tupa nyembamba.

Nilikwenda chemchemi. Palikuwa na mama mmoja anayechemsha viazi katika maji yale, ameviweka ndani ya mfuko wa wavu. Alinitazama nikichimba kwa bisibisi kando ya jiwe, nikiweka ganda, nikifukia, nikisogea.

"Muzee," akasema, "unapanda nini?"

Nikamwonyesha.

"Risasi." Akageuza viazi vyake. "Na itaota nini sasa? Itaota vita ingine?"

Nikafukia lililofuata. Udongo ulikuwa wa moto chini ya vidole vyangu. Nilipomaliza niliingiza mkono katika tope la maji ya kina kifupi, nikapapasa mbele ya jiwe na pande zake, kadiri ngozi ilivyovumilia. Nilikuwa natafuta ncha ya fimbo. Shaba haingekuwa imeliwa, na ningeitambua kwa kidole gumba. Haikuwapo. Hilo nalo halikusema kitu. Fimbo nzuri huokotwa na yeyote.

Wiki zilipotimia, idadi ileile ambayo njia ya chemchemi ilikuwa imefungwa, nilianza na fungu la nyumbani. Yaya alikuwapo. Nilifukua mbele yake. Maganda yalitoka na rangi yake. Kwenye ukingo wa mdomo tu, mahali moto wa baruti ulipochoma rangi, palikuwa na utepe mwembamba wa kutu.

Aliyaweka kiganjani kando ya yale yake mekundu. Kisha kikamtoka kigelegele, kimoja, kifupi, akajiziba mdomo kwa kitenge kwa sababu majirani walikuwa na msiba wao.

"Yaya, bado fungu la pili," nikasema.

"Ndiyo, ndiyo. We endelea kupima."

Jioni ile aliwapeleka sambaza wa kukaanga nyumbani kwa kaka mkubwa, akawatumia salamu ndugu zetu wa Goma, ng'ambo ya mpaka, kwamba wafungue macho, mtu anayechechemea atapita kwao.

Nilikwenda chemchemi peke yangu. Nilifukua ganda la kwanza nikadhani nimekosea, nimepata moja ambalo yaya aliliacha. Lilikuwa jekundu na lilimenyeka. Nikapitisha ukucha kwenye mdomo. Chale yangu ilikuwapo, imejaa kutu. La pili hivyohivyo, na la tatu. Niliyafukua yote na kuyapanga juu ya jiwe, nikatoa ya yaya niliyokuja nayo nikayapanga kando. Kwa macho hayakuwa na tofauti. Maji yale yana chumvi zake na joto lake, yanapenya udongo mchana na usiku, na chuma ambacho nyumbani kwangu kingedumu miaka, pale kiliisha kwa wiki.

Yule mama wa viazi alikuwapo tena. "Ata misumari haikai hapa," akasema. "Ungeniuliza."

Tulikutana nyumbani kwa yaya, mchana, watu watatu. Kaka mkubwa alikaa kwenye kiti, yaya kwenye mkeka, mimi nikatandaza karatasi mbili sakafuni, ya kulia na maganda ya yaya, ya kushoto na yangu ya chemchemi. Nilieleza kama nilivyoeleza hapa. Niliposema kwamba maganda yake yangeweza kuwa ya asubuhi ile, kaka mkubwa alifumba macho na midomo yake ikasogea bila sauti.

"Sikusema ni ya asubuhi ile," nikaongeza. "Nasema kutu yake haikatai. Hainionyeshi kama amekufa. Inaondoa tu sababu tuliyokuwa nayo ya kusema hakufa."

"Rudia," yaya akasema.

Nikarudia.

"Donc, basi hayasemi kitu."

"Hayasemi kitu, yaya."

"Hayasemi amekufa."

"Hapana."

"Sasa mbona mutu anataka kunikalisha eda sababu ya kitu haisemi?"

Kaka mkubwa alisema kwa upole, "Mke wa ndugu yangu, tulikubaliana. Fundi amepima. Yale ya zamani tuliyoyategemea si ya zamani."

Hapo yaya aliinama, akashika karatasi ya kulia kwa pembe zake na kuimwaga juu ya ile ya kushoto. Alichanganya kwa mikono miwili, kama mtu anayechagua maharage, mpaka vumbi jekundu likapanda hadi vifundoni mwa mikono yake. Kisha akasogea nyuma.

"Haya," akasema. "Ya siku ile ni gani? Muniambie."

Kaka mkubwa alinitazama. "Fundi. Unaweza kuyatofautisha?"

Nililiokota moja. Nilitazama kitako chake, nikatazama ubavu, na kidole gumba changu kilikuwa kimekaa juu ya chale. Nikaliweka chini nikachukua jingine. Hilo halikuwa na chale.

"Hapana," nikasema.

Kaka mkubwa aliinuka, akavaa viatu. Mlangoni alisema, "Basi tumwachie Mungu," na hakulitaja tena jambo la eda mbele yetu. Yaya alikusanya maganda yote katika kopo la maziwa ya unga, akanipa. "Weka," akasema. "Usitupe."

Nikaweka. Nilikuwa mtu anayewaambia wengine watupe chuma, na kopo hilo nililiweka juu ya rafu, pakavu, na kipande cha mkaa ndani ili kivute unyevu.

Kilichofuata kilikuwa kirefu na hakina mengi ya kusimulia. Yaya alihamisha biashara yake. Badala ya soko letu alianza kuuza sambaza karibu na Petite Barrière, lango la mpakani ambapo wanaotoka Goma kwa miguu hupita mmoja mmoja. Alichagua nafasi inayotazama magoti ya watu. Aliwauliza wabeba mizigo, aliwauliza wanawake wa mboga, aliwauliza waliorudi kutoka mbali zaidi. Mara mbili au tatu aliambiwa kuna mtu wa fimbo ameonekana, na ndugu zetu wa Goma wakaenda kumtazama, na kila mara alikuwa mtu mwingine mwenye watu wake wanaomtafuta au wasiomtafuta. Pale mpakani wakamzoea. "Mama, leo bado?" wangemuuliza. "Leo bado," angejibu, na kuwapimia sambaza. Nilipopita pale nilimwona amepungua, na nikimwambia apumzike alinijibu kwamba anapumzika, si amekaa.

Ilikuwa kiangazi kingine alipokuja barazani. Hakuwa na furushi. Alikaa kwenye kiti cha wateja na kuitazama mikono yangu nikimaliza kukaza parafujo.

"Ile kopo iko?"

"Lipo nyumbani."

"Twende."

Nyumbani nililishusha, nikafuta vumbi, nikalimwaga juu ya karatasi. Aliyatazama.

"Chagua," akasema. "Yangu upande huu."

"Yaya, yalichanganyika."

"Mudogo yangu. We unatiaka alama kila kitu. Ata kifuniko ya sufuria yangu ulitia alama. Mi nilikuona siku ile kidole yako imesimama."

Aliendelea, polepole, akiangalia maganda na si mimi.

"Mi nimelala na ile goti miaka yote. Usiku niliisugua na mafuta. Kutoka kwa nyumba mupaka kwa maji alipumzika mara ngapi, na ile njia inateremuka. Mutu wa goti ile hawamubebeshi muzigo. Wangemuchukua wafike naye wapi? Kwa kona ya kwanza tu." Akaligeuza ganda moja kwa kidole. "Mi nilijua siku ile ile. Mbele ya kukuletea maganda nilijua."

"Basi kwa nini uliniletea?"

"Sababu nilijua utapima," akasema. "Kupima kunakawia."

Nilifanya kazi aliyonipa. Nilipitisha ukucha kwenye mdomo wa kila ganda. Lenye chale kushoto, lisilo na chale kulia. Kutu haikuacha kazi hata pakavu, na machache yalikuwa yamevunjika mdomo kiasi kwamba hapakuwa na ukingo wa kuupima. Hayo niliyaweka katikati, nikamwambia siwezi kuyasema.

"Yasiyojulikana nipe pia," akasema.

Tulikwenda chemchemi siku hiyohiyo, kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Kwenye mteremko nilijikuta nikitazama mahali ambapo shemeji angesimama kupumzika, na niliona kwamba ningeweza kuviona vituo hivyo tangu mwanzo. Vilikuwa pale wakati wote nilipokuwa nikichimbua kutu. Yaya alikaa juu ya jiwe lake. Nilikuwa sijawahi kuona mtu mwingine akilikalia. Alilifungua gazeti magotini, akayashusha maganda ndani ya maji moja baada ya jingine, bila kuyatupa, kila moja akilifikisha chini kwa vidole hata maji yalipomchoma. Mama wa viazi alikuwa mbali kidogo. Aliinua kichwa, akatuona, akakiinamisha tena.

Jioni yaya alituma neno kwa kaka mkubwa kwamba anaanza eda. Alijibiwa kwamba matanga yatawekwa, na yaliwekwa.

Yaliyobaki katika kopo ni yale yenye chale, ambayo hayakumwona shemeji wala yeye hakuyaona. Ndiyo watu wanayoyakuta juu ya rafu. Kwa sumaku hayafai kuwekwa.

Pale penye jiwe tulikaa hadi gazeti likabaki tupu. Yaya alilikunja, akaniuliza, bila kugeuka, kama yatakaa sana ndani ya maji yale.

"Hapana," nikamwambia. "Hayatakaa."

Hilo nilikuwa nimelipima.